UKIMWI, VVU na WAVIU: Akronimu Tatu na Uzito wa Maana Zake

Jambo geni linapoingia katika jamii, lugha hulitafutia jina hata kabla ya wataalamu kulielewa. Ndivyo ilivyokuwa Afrika Mashariki mwanzoni mwa miaka ya 1980. Wagonjwa watatu wa kwanza kutambuliwa nchini Tanzania waliripotiwa mkoani Kagera mwaka 1983. Wenyeji wa huko waliuita ugonjwa huo Juliana, jina la aina ya nguo zilizokuwa zikiletwa na wafanyabiashara kutoka Uganda. Ng'ambo ya mpaka Waganda waliuita silimu, kwa kuwa mgonjwa alikonda. Majina hayo ya mahali yalitaja kile kilichoonekana kwa macho, yaani nguo na mwili uliokonda. Hayakueleza chanzo cha ugonjwa wala namna unavyoambukizwa. Kazi hiyo iliachiwa istilahi.

Istilahi iliyokubalika ni UKIMWI. Kimuundo, neno hili halikuundwa kwa herufi za mwanzo peke yake kama lilivyo jina SIDA la Kifaransa, ambalo hadi leo ndilo linalotumiwa na wasemaji wengi wa Kiswahili cha Kongo. UKIMWI limeundwa kwa vipande vya mwanzo vya maneno matatu: U-, KI- kutoka katika kinga, na MWI- kutoka katika mwilini. Kiunganishi "wa" kimeachwa. Matokeo yake ni neno linalotamkika kwa urahisi, lenye silabi wazi zinazoafiki fonolojia ya Kiswahili. Zaidi ya hayo, neno hilo linaanza na u-, kiambishi ambacho msemaji tayari anakifahamu katika majina ya maradhi kama vile ukoma, upele na utapiamlo. Kwa sababu hiyo lilipata upatanisho wake wa kisarufi bila kufundishwa na mtu: UKIMWI umeenea, UKIMWI huu, athari zake. Ni akronimu chache zilizopokewa kwa wepesi kiasi hicho. Ndiyo maana waandishi wengi wameacha herufi kubwa na kuandika "ukimwi" kama nomino nyingine yoyote.

Hata hivyo, wepesi huo umeficha tatizo. Ile U ya mwanzo imefafanuliwa kwa maneno mawili tofauti: ukosefu na upungufu. Akronimu inabaki ileile, bali maana inabadilika. Ukosefu ni hali ya kutokuwa na kitu kabisa. Upungufu ni hali ya kitu kuwapo lakini kisitoshe. Mwenye ukosefu wa chakula hana cha kupika. Mwenye upungufu anacho, ila anahitaji kuongezewa. Kitabibu, upungufu ndio ulio sahihi, kwa maana kinga ya mwili hudhoofika hatua kwa hatua, na dawa za kufubaza virusi huiwezesha kurejea. Ufafanuzi wa "Ukosefu wa Kinga Mwilini" ulishamiri katika miaka ambayo dawa hizo hazikuwafikia watu wengi. Leo ufafanuzi wa "Upungufu" ndio unaotumika zaidi katika maandishi rasmi ya Tanzania, lakini ule wa kwanza haujatoweka katika vinywa vya watu.

Akronimu ya pili ni VVU, yaani Virusi vya UKIMWI. Hii ni akronimu iliyobeba akronimu nyingine ndani yake, na inasomwa herufi moja moja. Neno virusi lenyewe lina historia ya kuvutia. Asili yake ni Kilatini, ambako silabi ya vi- ni sehemu ya mzizi. Kiswahili kiliisikia vi- hiyo kama kiambishi cha wingi, kikaunda umoja wake: kirusi. Kwa mujibu wa sarufi, basi, tunapaswa kusema "VVU vinaambukizwa", ingawa mara nyingi husikika "VVU inaambukizwa", kwa kuwa msemaji ameusahau umbo kamili uliofupishwa.

Tofauti ya maana kati ya akronimu hizi mbili ni kubwa kuliko tofauti ya maumbo. VVU ni kisababishi. UKIMWI ni hali inayoweza kufuata miaka mingi baadaye iwapo mtu hakutibiwa. Katika mazungumzo ya kila siku mipaka hiyo imefutika. Watu husema "kupima UKIMWI", ilhali kinachotafutwa na kipimo ni dalili za kuwapo kwa virusi. Husemwa pia "ana UKIMWI" kwa mtu aliyegunduliwa jana na ambaye nguvu zake ni timamu. Mtu huyo akiwa bado anauelewa UKIMWI kuwa ni ukosefu wa kinga, kauli hiyo moja yaweza kumfanya aone kwamba hakuna haja ya kurudi kituoni kuchukua dawa. Nchini Tanzania dawa hizo zilianza kutolewa bila malipo mwaka 2004. Mtu anayezitumia ipasavyo anaweza asifikie kamwe hatua ya UKIMWI. Na virusi vikifubazwa hadi visionekane katika kipimo, hamwambukizi mwenzake kwa njia ya kujamiiana.

Ni katika muktadha huo ilipozaliwa akronimu ya tatu, WAVIU, yaani Watu Wanaoishi na Virusi vya UKIMWI. Neno lililotangulia lilikuwa waathirika, lenye kauli ya kutendeka, ambalo humwonyesha mtu kama aliyefikwa na jambo asilolimudu. WAVIU limekitia kitenzi cha kuishi katika jina lenyewe, na kwa bahati njema linaanza na wa-, kiambishi cha watu. Mtu aliyeitwa kwa jina la ugonjwa amerudishiwa ngeli ya wanadamu.

Kutokana na mifano hii inadhihirika kwamba kufupisha si kupunguza herufi tu. Kila akronimu huficha maneno, na yaliyofichwa huendelea kufanya kazi. Kwa hiyo mwalimu, mwandishi wa habari na mhudumu wa afya hawana budi kuzifumbua akronimu hizi mbele ya wasikilizaji wao: kusema upungufu wanapomaanisha upungufu, na kusema VVU pale ambapo UKIMWI haujafika.