Grupu Inawaka Lakini Umeme Ni Kidogo: Tufanye Nini?



Wakati wa mavuno grupu za umeme zinafanya kazi sana, na ndipo zinasumbua sana. Malalamiko yanafanana kila fasi: moteri inawaka vizuri, lakini ampule zinakuwa nyekundu na mashini ya kusaga inanguruma bila kuzunguka. Wengi wanakimbilia turnevisi. Tunawaomba mungoje kidogo. Mara nyingi grupu haijaharibika, bali imebebeshwa mzigo kupita nguvu yake. Mwenye kukaza visi bila kupima anaweza kuunguza moteri ambayo wanamemba wote walichangia.

Kwanza, tulinde maisha

• Musiwashe grupu ndani ya nyumba, ndani ya depo wala chini ya dirisha. Moshi wake una monoksidi ya kaboni, gezi isiyo na rangi wala harufu, na inaua watu katika usingizi. Iwekwe inje, metre 6 ao zaidi kutoka mlangoni, fasi kavu.
• Kabla ya kuongeza esansi, muizime na mungoje ipoe.
• Kabla ya kugusa nyaya, muizime na mutoe kofia ya buji, ili mtu asiiwashe bila kujua.
• Musifungue upande unaotoa umeme. Hata grupu ikizimwa, kondansateri inaweza kubaki na umeme ndani. Hiyo ni kazi ya fundi.

Kupima bila mzigo

Grupu ndogo nyingi za kwetu zinatoa volti 220 na hertz 50. Kwa zile za kawaida, hiyo inapatikana moteri ikizunguka mara 3000 kwa dakika.

Mutoe vyombo vyote kwenye prizi, muache grupu iwake dakika 5, kisha mupime kwa multimetri. Muiweke kwenye alama ya V yenye kiwimbi (~), kwenye namba kubwa kuliko zote. Kamwe musiiweke kwenye ampere, itaungua mikononi mwenu. Mikono iwe mikavu, viatu viwe miguuni, na vidole visiguse chuma cha ncha. Kama hakuna aliyezoea kazi hii, muite fundi.

Namba inasema nini?

1. Volti 0 ao karibu na 0. Muangalie kama disjonkteri imeshuka. Kama haijashuka, pengine grupu imelala miezi mingi na kupoteza sumaku ndogo inayoanzisha umeme, ao kifaa cha ndani kimekufa. Muite fundi. Musijaribu kuiamsha kwa betri ya pikipiki.

2. Chini ya 200. Musikilize sauti. Ikiwa nzito ao inayumba, muizime, musafishe filtri ya hewa, mumwage esansi ya zamani ao yenye maji, na karburateri isafishwe. Sauti ikiwa nzuri lakini volti ziko chini, shida iko kwenye kondansateri ao regilateri: muite fundi.

3. Zaidi ya 250. Muizime mara moja. Musichomeke hata simu.

4. Kati ya 210 na 240. Grupu ni nzima. Mutafute shida kwenye mzigo na kwenye nyaya.

Mzigo na nyaya

Moteri ya umeme, wakati wa kuanza, inaweza kuvuta umeme mara 5 hadi 7 kuliko inapozunguka. Tena, huku kwetu milimani hewa ni nyepesi, na moteri ya esansi inapoteza karibu asilimia 1 ya nguvu kwa kila metre 100 za kupanda. Ziwa Kivu liko metre 1460 hivi juu ya bahari. Kwa hiyo, moteri yenye nguvu ya kilowati 3 tu, ikifika kandokando ya ziwa hilo inabaki na 2,5 hivi. Muwashe kwanza mashini kubwa peke yake, halafu ampule. Mashini ikikataa kuanza, muizime upesi: moteri inayonguruma bila kuzunguka inaungua kwa muda mfupi.

Nyaya nazo zinakula volti. Waya wa shaba wa milimetre 1,5, wenye urefu wa metre 50, ukipitisha ampere 10 unapoteza volti karibu 12. Wakati mashini inaanza, hasara inakuwa kubwa zaidi. Mutumie waya mnene, uwe mfupi, na musiuache umekunjwa wakati wa kazi.

Visi ya kasi

Kuna wanaopandisha kasi ya moteri ili ampule ziwake vizuri. Kwenye grupu yenye regilateri, volti hazipandi, hertz tu ndizo zinapanda. Kwenye zingine, volti zinapanda bila kizuizi na kuunguza vyombo. Visi hiyo iguswe na fundi mwenye kipimo cha hertz.

Daftari

Tunashauri komite ichague mtu mmoja wa kuchunga grupu. Kila juma apime volti bila mzigo, aandike namba hiyo, masaa ya kazi na siku ya kubadilisha mafuta ya moteri. Namba ikianza kushuka pole pole, mutakuwa na wakati wa kumwita fundi kabla muhogo na mahindi hayajajaa depo.