Zimeni Taa Kabla ya Kulala

Mwenyezi Mungu Mtukufu, katika Sura ya Al-Waaqia, ametuzindua juu ya moto tuuwashao, kwamba ni ukumbusho na tena ni manufaa. Sisi wakazi wa Kigoma na Ujiji manufaa hayo twayaona kila usiku usio na mbalamwezi, ziwa linapong'aa kwa taa za wavuvi. Hapo kale wavuvi waliwasha kuni mitumbwini ili dagaa waufuate mwanga. Katika miaka ya 1950 karabai zikaenea. Na siku hizi wengi wametwaa taa za betri.

Lakini moto ufaao ndio huo huo uunguzao. Bwana Mtume (Rehema na Amani zimshukie) alipopata habari ya nyumba iliyowaunguzia wenyewe usiku mjini Madina, alisema kuwa moto ni adui yetu, akaamrisha uzimwe tulalapo. Katika Hadithi nyingine alitaja na sababu: panya huweza kuuvuta utambi akaiunguza nyumba. Hadithi zote mbili zimo katika Sahihi ya Bukhari.

Mafundi wa dunia nao walitambua hatari ya mwali ulio wazi. Mwaka 1815 Humphry Davy wa Uingereza aliunda taa ya wachimbaji wa makaa ya mawe, akauzungushia mwali wavu wa nyaya nyembamba. Wavu ule huitawanya joto, hata gesi iliyo nje isishike moto. Wazima moto nao, kwa kuwa huingia penye moshi na gesi, walikuja kutumia taa za betri zilizofungwa barabara. Ikiwa mashujaa hao wauhadhari mwali ulio wazi, sisi je?

Basi yatupasa tushike haya. Koroboi isiwekwe karibu na chandarua, wala mtoto adurusuye Kurani asiachwe nayo peke yake, usingizi ukamchukua. Taa isitiwe mafuta hali inawaka au ingali na joto. Petroli isichanganywe na mafuta ya taa, kwani mvuke wake huwaka upesi na taa hulipuka. Moto wa mafuta usimwagiwe maji, maana mafuta huelea yakautapanya. Ufukieni kwa mchanga. Wenye umeme nao wasijidhani wamesalimika: waya uliochunika ni utambi mwingine.

Enyi wazazi na vijana, baada ya Isha izungukieni nyumba kabla hamjalala. Azimaye taa kwa nia ya kumtii Mtume hupata usalama na thawabu pamoja. Mwenyezi Mungu atukinge na moto wa dunia na wa Akhera. Amin.