Koti Haliondoi Theluji

Saa 11 alfajiri mjini Buffalo, jimbo la New York, ni saa 7 mchana Mbweni, Dar es Salaam. Huku jua liko utosini, mchanga wa uani unaunguza nyayo, na aliyefagia uwanja asubuhi ameshasahau kama alifagia. Kule bado giza, na mtu aliyekulia Mbweni, Bunju au Mbagala anapapasa nyuma ya mlango akitafuta chepe, hata chai hajabandika. Asipotoka sasa gari halitatoka, na gari lisipotoka mshahara wa siku hiyo una walakini.

Wanaojiandaa kuhamia Marekani au Kanada huulizana sana kuhusu baridi. Hushauriana koti la aina gani, soksi ngapi, kofia ya kufunika masikio inunuliwe Kariakoo au huko huko. Ni kweli baridi inauma, hasa kwa mtu wa Dar es Salaam ambaye Julai, nyuzi zikishuka hadi 19, huvaa sweta na kulalamika. Lakini baridi ina dawa yake: unaivalia nguo. Theluji haina nguo. Theluji inachotwa, inasukumwa, inatupwa kando, na kesho inarudi. Wengi waliozaliwa pwani hushindwa na vitu vitatu ambavyo hakuna aliyewatajia uwanja wa ndege: kilo, saa na sheria.

Tuanze na kilo. Kanuni ya kukadiria ni kwamba mvua ya sentimita 1, ikishuka kama theluji, hurundika takriban sentimita 10. Sasa chukua mvua ya Aprili ya Dar es Salaam, ambayo kwa kawaida hupita milimita 200 kwa mwezi mzima. Ingeshuka kama theluji na kukataa kuyeyuka, ingefika mita 2: geti lingezama, na juu ya ukuta zingebaki chupa zilizovunjwa na waya wa umeme tu. Maji ya masika yana hisani ya kwenda zake, hata kama mara nyingine hupitia sebuleni, kama wanavyojua watu wa Basihaya na Tegeta. Theluji inakaa pale pale ilipoangukia mpaka mtu aje aihamishe.

Njia ya kuingizia magari mawili yenye upana wa mita 6 na urefu wa mita 9 ni jambo la kawaida katika vitongoji vya Marekani. Ikiangukiwa na sentimita 30 za theluji, hapo pana zaidi ya mita 16 za ujazo. Theluji kavu, ile ya unga unaopeperuka, huwa na takriban kilo 100 kwa kila mita ya ujazo. Ile mbichi iliyolowa maji hufikia kilo 300. Kwa hiyo mtu mmoja na chepe lake, kabla ya kwenda kazini, anahamisha magunia 16 ya kilo mia mia, na siku mbaya karibu magunia 50. Mpagazi wa sokoni hulipwa kwa kazi hiyo.

Uzito huo huua. Utafiti uliochapishwa mwaka 2011, uliopitia kumbukumbu za Marekani kuanzia 1990 hadi 2006, ulikuta kwamba kila mwaka watu wapatao 11,500 walifikishwa katika idara za dharura kwa sababu ya kuchota theluji, kiuno kikiwa ndicho kilichoumia mara nyingi zaidi, na watu takriban 100 walikufa kwa mwaka, wakiangushwa na moyo. Watafiti wa Quebec nchini Kanada walichambua kumbukumbu za 1981 hadi 2014 na kukuta kwamba baada ya theluji ya sentimita 20, wanaume waliolazwa kwa shambulio la moyo waliongezeka kwa asilimia 16, na waliokufa kwa asilimia 34, ukilinganisha na siku ambazo theluji haikuanguka. Kwa wanawake ongezeko hilo halikuonekana. Watafiti walidhani sababu ni kwamba wanaume ndio wanaoshika chepe zaidi.

Madaktari wanaeleza hivi. Kazi ya mikono hupandisha presha kuliko kazi ya miguu. Mtu anayenyanyua mzigo hubana pumzi bila kujijua, na presha inapanda tena. Wakati huo huo hewa ya baridi inabana mishipa, pamoja na ile inayolisha moyo wenyewe. Moyo unadai damu zaidi huku mfereji wake unafinywa. Mwenye presha, mwenye sukari, mvutaji sigara, na yule ambaye tangu Krismasi iliyopita hajafanya mazoezi yoyote, wote wanaambiwa wamwachie kijana, au walipe mtu. Ni ushauri mgumu kwa baba wa Kiswahili, ambaye kumwita jirani amchotee theluji anaona ni aibu.

Namna ya kuchota ina elimu yake. Sukuma kuliko kunyanyua. Ukilazimika kunyanyua, kunja magoti, shika chepe karibu na kichwa chake, chota robo, na geuza miguu, usipinde kiuno ukatupa nyuma ya bega kama mfyatua tofali anayetupa udongo. Hapo ndipo saa inapoingia. Wazoefu hawangoji theluji iishe kuanguka: wanatoka mara mbili au tatu, kila mara sentimita 10, kwa sababu sentimita 10 zinasukumika na sentimita 30 hazisukumiki. Lile beleshi la ujenzi linalojulikana Mbweni, la chuma, lenye ncha, halifai kabisa. La theluji ni pana, jepesi, mara nyingi la plastiki, na uso wake umejikunja kidogo kama ungo.

Buffalo ni shule kali ya somo hili. Mji umekaa ncha ya mashariki ya Ziwa Erie, na mapema majira ya baridi, kabla ziwa halijaganda, upepo mkavu wa baridi unavuka maji ambayo bado yana joto la kiangazi. Upepo unanyonya mvuke, unapanda, unaganda, na unatua wote kwenye ukanda mwembamba wa nchi kavu. Mtaa mmoja unazikwa na mtaa wa pili una jua. Novemba 2022 kitongoji cha Orchard Park, pembeni mwa Buffalo, kilipata takriban mita 2 za theluji kwa siku chache. Mwezi mmoja baadaye, Ijumaa ya tarehe 23 Desemba, ikaja dhoruba nyingine yenye upepo wa kimbunga. Uwanja wa ndege ulipima zaidi ya sentimita 130 hadi dhoruba ilipokwisha, na kwa saa nyingi mfululizo mtu hakuweza kuona mkono wake. Amri ya kuzuia magari barabarani ilitolewa asubuhi ile ile, wengi wakiwa wameshatoka kwenda kazini, jambo lililolalamikiwa sana baadaye.

Katika wilaya ya Erie, uliko mji wa Buffalo, peke yake walikufa watu 47. Wengine walikutwa ndani ya magari, wengine nje, wengine nyumbani ambako umeme na joto vilikatika, na wengine moyo uliwasimama wakiondoa theluji huku gari la wagonjwa likishindwa kupita. Miongoni mwa waliokufa alikuwamo mkimbizi kutoka Kongo.

Hilo si la kushangaza kwa anayeijua Buffalo ya leo. Mji huo umepokea wakimbizi wengi, wakiwamo Wakongo wanaozungumza Kiswahili cha Kivu. Kwa Marekani yote, Kongo ndiyo iliyotoa wakimbizi wengi kuliko nchi nyingine katika mwaka wa bajeti wa 2019, karibu 13,000. Kuna waliolelewa kambi ya Nyarugusu, wilaya ya Kasulu, mkoani Kigoma. Watoto wao walijifunza kusoma wakiwa Tanzania, na theluji waliiona mara ya kwanza wakiwa na funguo za nyumba ya kupanga mkononi.

Kwenye nyumba hizo kuna hatari nyingine ambayo mtu wa Afrika Mashariki anaibeba kwa nia njema. Umeme ukikatika, fikra ya kwanza ni mkaa. Mbweni jiko la mkaa linakaa uani au barazani, na madirisha hayajawahi kufungwa yote kwa wakati mmoja. Nyumba ya nchi ya baridi imezibwa kila upenyo. Mkaa ukiwaka ndani hutoa gesi ya kaboni monoksidi, isiyo na rangi wala harufu, na familia inalala isiamke. Februari 2021, baridi ilipoangusha umeme wa Texas, pamoja na Houston ambako Watanzania ni wengi, zaidi ya watu 1,000 walitafuta matibabu kwa gesi hiyo. Gari nalo ni vile vile: theluji ikiziba bomba la moshi na injini inaunguruma, moshi unarudi ndani. Bomba ndilo la kuchimbuliwa kwanza, kioo baadaye.

Kisha kuna sheria, na hapa mgeni hushangaa kweli. Njia ya waenda kwa miguu iliyo mbele ya nyumba ni ya jiji, lakini katika miji mingi ya Marekani kuisafisha ni wajibu wa mwenye nyumba. Minneapolis inampa mwenye nyumba ya kawaida saa 24 baada ya theluji kukoma. Akikaidi, jiji hutuma watu wake na kumletea bili. Mpangaji asome mkataba, maana aliyepanga nyumba nzima mara nyingi ameachiwa chepe pia. Montréal, Kanada, ni hadithi tofauti: jiji lenyewe husafisha hadi njia za miguu, hupakia theluji kwenye malori na kwenda kuimwaga mahali pake.

Maegesho ndiyo yenye visa. Minneapolis ikitangaza dharura ya theluji, usiku wa kwanza, saa 3 usiku hadi saa 2 asubuhi, hakuna kuegesha katika barabara kuu zilizoteuliwa. Kesho yake, mchana, katika mitaa mingine huruhusiwi kuegesha upande wenye namba shufwa. Siku ya tatu, upande wa namba witiri. Anayekosea hukuta gari limevutwa hadi yadi ya jiji. Boston, mji uliozikwa na zaidi ya sentimita 270 katika msimu wa 2014 na 2015, una desturi nyingine: aliyejichimbia nafasi ya gari huweka kiti, koni au ndoo, na jiji humvumilia kwa saa 48 baada ya dharura kuisha. Aliyewahi kuacha ndoo yake kwenye foleni ya maji akarudi ndani kulala hahitaji tafsiri.

Inabaki chumvi. Ile ya kawaida, ndugu ya ile inayoanikwa kwenye mabwawa ya Kunduchi, humwagwa kwa magunia ili barafu isishike. Inafanya kazi vizuri hadi nyuzi 9 hivi chini ya sifuri. Baridi ikizidi hapo inalegea, na watu hununua kloridi ya kalisi, ghali zaidi. Wageni huimwaga kama pilipili ya mishikaki. Ziada haiongezi kitu, inakula saruji na kutiririkia kwenye maziwa.

Hata jina la kitu chenyewe lilikuja kwa kuazimwa. Theluji ni neno la Kiarabu. Mei 1848 mmisionari Johannes Rebmann alipoona weupe juu ya Kilimanjaro, aliyekuwa akimwongoza aliuita baridi tu, na wasomi wa London walikataa kwa miaka kuamini kwamba kuna theluji karibu na Ikweta. Leo baridi na theluji ni maneno mawili, na mtu wa Mbweni aliyeko Buffalo anajua tofauti yake kwenye kiuno.

Saa 1 asubuhi kazi imeisha. Njia nyeusi inaonekana, chumvi imemwagwa, chai inachemka. Ndipo greda la manispaa linapopita katikati ya barabara, linasukuma theluji yote pembeni, na kuacha mbele ya nyumba tuta la magotini, gumu, limechanganyika na mawe ya barafu. Mbweni wakati huo ni saa 9 alasiri, na simu inaita: mama anataka kujua kama wameamka salama. Anajibiwa huku mkono mwingine unatafuta chepe.