Kodi Yetu na Daftari la Kaunti

Sisi tulipao kodi ya ardhi yatupasa kujua jinsi ihesabiwavyo. Katika nchi ya Kenya, Katiba ya mwaka 2010 iliweka kaunti 47, ikazipa uwezo wa kutoza kodi hiyo. Kwanza kiwanja hukadiriwa thamani yake. Kisha kaunti huweka kiwango. Tuseme kiwanja chathaminiwa shilingi 500,000, na kiwango ni 1 kwa 100: mwenyewe atalipa shilingi 5,000 kwa mwaka.

Fedha hizo haziitoshi kaunti. Hazina ya taifa nayo hutoa fungu, lisilopungua 15 kwa 100 ya mapato ya taifa, ligawiwe kaunti zote. Lakini hilo pia ni jasho letu, maana hata tununuapo sabuni dukani twalipa kodi.

Wazee wetu walitozwa kodi ya kibanda tangu mwaka 1901, wala hawakuulizwa itumiweje. Sisi tuna haki ya kuulizwa. Mwaka wa fedha huanza tarehe 1 Julai, na makadirio hupelekwa mbele ya bunge la kaunti kabla ya Aprili kwisha. Basi na tuyasome wakati huo: zahanati imetengewa nini kwa dawa, na safari za wakubwa zimetengewa nini? Neno lisemwalo mwezi wa Mei laweza kuhamisha fedha. Lisemwalo Agosti aghalabu huwa manung'uniko tu. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Daftari la kaunti ni letu; tulifungue.