Dume, jike na minyoo ya panya

Mkulima wa Runyenjes au Imenti akinasa panya ghalani, humtupa bila kumtazama mara mbili. Mimi ningemgeuza kwanza (kwa glavu, si kwa mikono mitupu) nijue kama ni dume au jike. Jinsia yake inaweza kueleza mengi kuhusu minyoo iliyo tumboni mwake, na hata iliyo tumboni mwa wenzake ambao bado wanazunguka shambani.

Kwa wanyama wengi wanyonyeshao, madume ndio hubeba vimelea zaidi. Uchambuzi wa Sarah Moore na Kenneth Wilson, uliochapishwa mwaka 2002, ulionyesha kuwa tofauti hiyo hukua pale madume wanapowazidi majike kwa mwili. Mwili mkubwa hula zaidi, na kila mlo ni nafasi ya kumeza mayai ya minyoo. Tena testosteroni, homoni ya kiume, huweza kudhoofisha kinga ya mwili.

Ila jambo linalonivutia zaidi si nani anaugua. Ni nani anayesambaza. Huko Trentino, kaskazini mwa Italia, watafiti waliwapa panya wa msituni dawa ya minyoo: sehemu nyingine wakawatibu madume pekee, nyingine majike pekee. Walikuwa wakimfuatilia mnyoo aitwaye Heligmosomoides polygyrus. Huyu huishi katika utumbo mwembamba. Mayai yake hutoka na kinyesi, viluwiluwi huanguliwa ardhini na kumsubiri panya mwingine awameze. Matokeo yalitoka mwaka 2004. Madume walipotibiwa, mayai yalipungua katika kinyesi cha majike ambao hawakuonja dawa. Majike walipotibiwa, madume walibaki vilevile. Kwa mnyoo huyu, dume ndiye mpanzi wa mbegu.

Kwa hiyo anayehesabu minyoo ya panya wa mahindi, kuanzia Meru hadi Mbeere, kisha akawachanganya madume na majike katika hesabu moja, anapoteza sehemu muhimu ya habari. Aandike pia msimu, kwa sababu panya wa shambani, Mastomys natalensis, huzaliana kwa kufuata mvua, na uzazi ndio hupandisha homoni.

Lakini tusimlaumu dume kwa kila mnyoo. Tegu aitwaye Taenia crassiceps hustawi zaidi katika panya jike wa maabara. Watafiti wa Mexico waligundua kwamba akikaa muda mrefu ndani ya dume, testosteroni ya mwenyeji hushuka na homoni ya kike hupanda mno. Mnyoo huyo hugeuza mwili wa dume uwe makao yanayomfaa.

Meru ina mnyama wa kutusaidia kuchimba zaidi: fuko asiye na manyoya. Mtafiti Mmarekani Stan Braude alianza kuwafuatilia katika Mbuga ya Kitaifa ya Meru miaka ya 1980. Katika kila kundi malkia mmoja ndiye huzaa, akipandwa na madume wachache. Waliobaki ni vibarua, na dume na jike wao hufanana hata ni vigumu kuwatofautisha kwa macho. Ukitaka kujua kama minyoo hufuata jinsia yenyewe au hufuata uzazi, hapo ndipo pa kulinganisha: malkia na vibarua wa kike, madume wa malkia na vibarua wa kiume, wote wakila mizizi ileile ndani ya mashimo yaleyale.