Gadi Mdogo na Ringi ya Mita 3.05

Gadi ni mchezaji wa mpira wa kikapu anayeupandisha mpira kutoka nyuma, anayepanga mashambulizi, na ambaye mara nyingi ndiye mfupi kuliko wenzake wanne uwanjani. Kazi yake haiishii kwenye pasi. Akishampiga chenga mlinzi wake, njia inafunguka hadi chini ya ringi, na hapo anatakiwa afunge. Katika michezo ya shule za sekondari za Masasi na Newala, mkoani Mtwara, kusini mwa nchi, kama ilivyo katika wilaya nyingine nyingi za Tanzania, hapo ndipo kazi nzuri huharibika. Mpira unagonga ubao kwa kishindo na kurudi, au unaishia kwenye kiganja cha mrefu aliyekuwa akiusubiri. Lawama huangukia kimo. Kimo kina sehemu yake kweli, lakini ni ndogo kuliko inavyodhaniwa.

Vipimo vyenyewe vinaeleza mengi. Ringi huwekwa mita 3.05 kutoka chini na upana wake wa ndani ni sentimita 45. Mpira namba 7 wa wavulana una kipenyo cha sentimita 24 hivi, namba 6 wa wasichana ni mdogo kidogo, kwa hiyo ringi inakaribia kupitisha mipira miwili kwa pamoja. Mvulana wa mita 1.65 akinyoosha mkono juu, vidole vyake hufika kama mita 2.15. Akiruka sentimita 45, ambalo ni ruko zuri kwa umri wake, anafika mita 2.60. Bado amepungukiwa karibu nusu mita, na hata angekuwa na mita 1.80 asingeifikia ringi. Karibu kila gadi duniani hufunga kwa kuuachia mpira ukiwa chini ya ringi, ukapanda kwanza ndipo ukashuka. Anayeruka sentimita 45 hukaa hewani sekunde 0.6 tu, nusu ya muda huo akipanda na nusu akishuka. Ana sekunde 0.3 za kuuachia mpira kabla mwili haujaanza kuanguka. Huo si muda wa kufikiri. Uamuzi wa mkono upi utumike na mpira ugonge wapi lazima uwe umefanyika miguu ikiwa bado chini.

Ndiyo maana tatizo huanzia miguuni, na miguu ya mtoto wa kusini huwa imefundishwa mchezo mwingine kabla ya kukutana na kikapu. Katika shule za msingi watoto wengi hukua na soka, netiboli na mpira wa mikono, michezo ya UMITASHUMTA, mashindano ya shule za msingi. Ringi yenye ubao wengi huikuta wakifika kidato cha kwanza. Kila mmoja huja na tabia za alikotoka.

Msichana wa netiboli amezoea kudaka, kutua na kusimama, kwa sababu sheria ya netiboli haimruhusu kudunda mpira wala kukimbia nao. Ringi ya netiboli nayo iko mita 3.05, lakini haina ubao nyuma yake na upana wake ni sentimita 38. Zaidi ya hayo, katika netiboli ni wachezaji wa nafasi za GS na GA pekee wanaoruhusiwa kufunga. Aliyecheza nafasi ya C au WD miaka yote ya shule ya msingi anaweza kufika sekondari akiwa mwepesi, mwenye pasi kali na macho mazuri, bila kuwahi kutupa mpira golini katika mechi hata mara moja. Akipewa ugadi, anafika chini ya ringi na kusimama. Mlinzi aliyemwacha nyuma anamkuta.

Mvulana wa mpira wa mikono ana shida ya kinyume. Yeye huruka kwa mguu mmoja vizuri kabisa, tena ule sahihi: mguu wa kushoto kwa anayetumia mkono wa kulia. Lakini mchezo wake unampa hatua tatu, kikapu kinampa mbili. Na golini kwake mpira hupigwa kwa nguvu ili kumshinda kipa, wakati ringi inataka mpira mpole. Mwalimu anayejua mwanafunzi wake ametoka mchezo gani amekwisha kujua nusu ya dawa.

Kwa anayetumia mkono wa kulia, mpangilio wa leyapu, yaani kufunga kwa hatua mbili na kuruka, ni mguu wa kulia, kisha wa kushoto, kisha kuruka goti la kulia likipanda pamoja na mkono wa kulia. Upande wa kushoto wa ringi kila kitu hugeuzwa. Kwenye sheria za FIBA, shirikisho la kimataifa la mpira wa kikapu, zilizoanza kutumika Oktoba 2017, mchezaji anayeushika mpira akiwa mwendoni hahesabiwi mguu ulio chini wakati anaushika, na baada ya hapo ana hatua mbili. Sheria hiyo inampa gadi nafasi kubwa zaidi ya kupanga miguu yake. Mwanafunzi anayefundishwa kwa hesabu ya zamani huukata mwendo mapema mno, au hurukia mbali na kuanza kushuka kabla hajafika.

Baada ya miguu inakuja kasi, na hapa makocha wengi hukosea kwa nia njema. Gadi huambiwa akimbie, na anakimbia. Kinachosahaulika ni kwamba mpira ulio mkononi nao unakimbia. Mchezaji anayekwenda mita tano kwa sekunde akiuachia mpira bila kuupunguza kasi, mpira unaondoka na mwendo uleule kuelekea ubaoni, hata kama mkono haukuusukuma. Ndiyo sababu leyapu ambayo kijana huifunga mara kumi mfululizo akiwa anatembea humkataa siku ya mechi. Dawa yake ni mambo mawili: hatua ya pili iwe fupi kuliko ya kwanza, ili mwendo wa mbele ugeuke kuwa wa kupanda juu, na kiganja kiwe chini ya mpira, kiuinue na kuuacha uteleze kwenye ncha za vidole. Anayeushika kwa viganja viwili na kuusukuma kutoka kifuani hawezi kuufanya mpira uwe mpole. Kwa msichana ni vigumu zaidi pale shule inapokuwa na mpira mmoja tu wa namba 7. Vidole vyake haviutoshi, kwa hiyo anausukuma.

Uwanja nao una neno lake. Newala iko juu, ukingoni mwa uwanda wa Makonde, mahali ambapo ardhi inakatika ghafla kuelekea bonde la Ruvuma. Masasi iko chini ya uwanda huo, kaskazini-magharibi, katikati ya vilima vya mawe. Udongo wa uwandani ni mwekundu na una mchanga mwingi. Kwenye uwanja wa udongo wa aina hiyo hutokea mambo mawili yanayomwumiza gadi kuliko mwingine yeyote. La kwanza, mguu wa kurukia unazama kidogo na nguvu ya kuruka inapotea. La pili, ambalo ni baya zaidi, mpira haudundi sawasawa, hivyo mchezaji hulazimika kuutazama. Macho yakibaki chini hadi hatua ya mwisho, ringi inaonekana kwa kuchelewa na mlinzi mrefu haonekani kabisa. Watu husema kijana hana shabaha, kumbe hakupata nafasi ya kulenga.

Katika miezi ya upepo wa kusi, ambayo hujumuisha Juni, wakati mashindano ya UMISSETA ya shule za sekondari huwa yamepamba moto, mitupo ya mbali kwenye uwanja wa wazi huyumbishwa hewani. Kikapu cha karibu huathirika kidogo sana. Kwa timu za ukanda huu, basi, kumalizia chini ya ringi kuna thamani kubwa kuliko kwa timu inayochezea ukumbini, na inasikitisha kuona saa za mazoezi zikiishia kwenye kutupa kutoka mita 6.75.

Ubao ndio rafiki mkubwa wa gadi mfupi, ila lazima ujulikane. Ubao wa kanuni una mstatili mdogo uliochorwa juu ya ringi, upana sentimita 59 na kimo sentimita 45, mstari wake wa chini ukiwa sawa na ringi. Mchezaji anayetokea pembeni hulenga kona ya juu ya mstatili iliyo upande wake. Mpira ukigusa pale kwa upole huangukia ringini karibu wenyewe. Kwenye ubao wa mbao uliopakwa rangi moja bila mstatili, kijana hana cha kulenga. Hulenga ringi yenyewe, na mpira unaopigwa kwa kasi kuelekea ringi huruka nje. Kopo la rangi, brashi na rula vinatosha kulimaliza hilo. Mbao za aina mbalimbali hurudisha mpira kwa namna tofauti, kwa hiyo timu ngeni ikifika uwanjani inafaa itumie dakika za kupasha misuli kugonga ubao pande zote mbili, badala ya kushindana kutupa kutoka mbali.

Ubao pia unalindwa na sheria. Mpira uliotupwa kwenda golini ukishagusa ubao ukiwa wote juu ya usawa wa ringi, mlinzi haruhusiwi kuugusa ukiwa bado juu ya usawa huo. Akiugusa, kikapu kinahesabiwa. Gadi anayeufikisha mpira ubaoni mapema amekwisha kumfunga mikono yule mrefu.

Na warefu wapo. Mtanzania anayejulikana kuliko wote katika mchezo huu, Hasheem Thabeet, mzaliwa wa Dar es Salaam mwenye mita 2.21, alichaguliwa wa pili katika uteuzi wa ligi ya NBA ya Marekani wa mwaka 2009 baada ya kujijengea jina Chuo Kikuu cha Connecticut kwa kuzuia mipira: zaidi ya minne kwa mchezo katika misimu yake miwili ya mwisho chuoni. Mzuiaji wa namna hiyo huishi kwa kujua mpira utaachiwa lini. Husoma miguu, huhesabu moja, mbili, kisha huruka. Gadi anayeachia kila mpira kwa mkono uleule, baada ya hatua zilezile, kwenye sehemu ileile, anamsaidia.

Njia za kumvuruga mzuiaji zipo na hazihitaji kimo. Moja ni kuachia mapema, baada ya hatua ya kwanza, kabla mlinzi hajajipanga kuruka. Nyingine ni kupita chini ya ringi na kufungia upande wa pili, ili ringi na wavu viwe kati ya mpira na mkono wa mlinzi. Ya tatu ni mtupo mrefu wa juu unaoachiwa mita tatu hivi kabla ya ringi, mpira ukipaa juu ya vidole vya mrefu na kudondoka taratibu. Mfaransa Tony Parker, gadi wa mita 1.88, aliufanya mtupo huo kuwa riziki yake akiwa San Antonio Spurs, akatwaa nao ubingwa wa NBA mwaka 2003, 2005, 2007 na 2014. Lakini mtupo huu ufundishwe mwisho. Kijana anayeujifunza kabla ya kuijua leyapu ya mkono wa kushoto huufanya maficho ya kukwepa kugongwa.

Kugongwa kwenyewe ni somo. Mwili wa miaka 13 hadi 16 unarefuka haraka kuliko unavyopata nguvu, na mwenye mwili huo huinamia pembeni anapoona bega linakuja. Akiinama, mpira unaenda upande wake, ringi inabaki upande mwingine. Anayejifunza kumwelekea mlinzi kwa bega la ndani, mpira akiuweka mkono wa nje, hupata kikapu, au faulo na mitupo huru miwili, au vyote: kikapu kilichoingia pamoja na mtupo mmoja wa nyongeza. Mwalimu anaweza kufundisha hilo kwa godoro jembamba la bweni au mto, akimsukuma mchezaji kidogo hewani mpaka azoee. Mazoezi ya leyapu bila mlinzi yeyote ni mazuri kwa wiki za mwanzo. Yakiendelea hivyo msimu mzima, yanamwandaa kijana kwa mechi isiyokuwepo.

Zoezi la kuanzia linajulikana tangu miaka ya 1940. Kocha Ray Meyer wa Chuo Kikuu cha DePaul, Chicago, alimpokea George Mikan, kijana mrefu aliyekuwa mzito wa miguu, akamsimamisha chini ya ringi afunge kwa mkono wa kulia upande wa kulia, adake mpira kabla haujaanguka, afunge kwa kushoto upande wa kushoto, arudie. Mikan akawa nyota wa kwanza mkubwa wa NBA. Zoezi lake halitaki mbio wala uwanja mzima. Ringi moja na mpira mmoja vinatosha, na wanafunzi sita wanaweza kupokezana.

Hilo linarahisisha hesabu ya gharama. Uwanja kamili wa kikapu una mita 28 kwa 15, sawa na mita za mraba 420, na si kila shule itaweza kuusakafia. Lakini eneo lililo chini ya ringi hadi mstari wa mitupo huru lina upana wa mita 4.9 na urefu wa mita 5.8, chini ya sehemu moja ya kumi na nne ya uwanja. Wakuu wa shule, bodi zao na vyama vya msingi vya korosho wanaotaka kuwasaidia vijana hawa waanzie hapo: sakafu ya saruji ya kipande hicho kimoja, ikiwa sawa na udongo unaoizunguka ili mtu asijikwae, na mstatili uliopakwa rangi ubaoni. Jezi zinaweza kusubiri.