Jino Lenye Kofia Likivunjika: Tufanye Nini, Tuchague Nini?



Mwaka uliopita tulikaa na kikundi kimoja cha akina mama siku ya kutoa mikopo. Mama mmoja anayeuza mitumba sokoni aliomba pesa nyingi kuliko wote. Mwenyekiti alipomuuliza ni za nini, alifunika mdomo kwa kiganja, akasema, "Ni jino." Wengine wakacheka. Mwenyekiti akawanyamazisha.

Maneno yalikuwa hivi. Jino lake la mbele lilivikwa kofia miaka tisa iliyotangulia. Siku moja akila mahindi ya kuchoma likakatika, likatoka na kofia yake. Alilirudisha kwa gundi ya viatu. Likakaa wiki mbili, likatoka tena, na sasa ufizi ulikuwa umevimba. Akaenda kliniki moja mjini, akaambiwa apandikize jino jipya la skrubu. Bei aliyotajiwa ilizidi thamani ya nguo zote alizokuwa nazo kibandani. "Sikuuliza kama kuna njia nyingine," alisema. "Nilidhani daktari akishasema ni hiyo, basi ni hiyo tu."

Kilichotuuma zaidi si bei. Ni kwamba mama huyu alikuwa ameacha kuita wateja. Muuza mitumba asiyefungua mdomo atauza nini? Na sisi tuliokuwa pale, wanakikundi na wafanyakazi wa maendeleo, hakuna aliyejua amshauri vipi. Tumnyime mkopo? Tumpe, biashara ife? Tukaamua kwenda naye kwa daktari wa meno wa hospitali ya serikali, tukauliza mpaka tukaelewa. Haya ndiyo tuliyojifunza.

KOFIA SI JINO

Jino likioza sana au likipasuka, daktari hulichonga likabaki kisiki, kisha hulivika kofia ngumu iliyotengenezwa kwa chuma, kwa kauri, au kwa chuma kilichofunikwa na kauri. Wengine huiita krauni. Kofia hushikwa na simiti maalum ya meno. Ikitunzwa, hudumu miaka 10 hadi 15, na nyingine zaidi, lakini haina ahadi ya maisha.

Fikiria nyumba. Kofia ni mabati, kisiki ni nguzo, mzizi ni msingi ulio ndani ya taya. Mabati yakitoboka, unabadilisha mabati. Lakini nguzo ikiliwa na mchwa, hata ununue mabati ya bei gani, upepo ukija yataanguka. Kwa hivyo neno kubwa la ukurasa huu ni hili: kinachoamua matibabu si kofia iliyovunjika, ni kile kilichobaki chini yake.

Kwa nini kisiki huoza kama kimefunikwa? Kofia yenyewe haiozi, lakini pale inapokutana na jino karibu na ufizi kuna mshono. Uchafu ukikaa hapo, jino huoza polepole kwa ndani. Na meno mengi yenye kofia yalishatolewa mshipa wa maumivu, kwa hivyo yanaoza kimyakimya. Ndiyo maana tunasema: jino kutouma si jino kupona.

SIKU LINAPOVUNJIKA

1. Tafuta kofia au kipande kilichotoka. Kioshe, kitie kwenye kichupa safi, uende nacho kwa daktari. Pengine itarudishwa ile ile, na utakuwa umeokoa pesa nyingi.

2. Ukikimeza, mara nyingi hutoka chenyewe chooni. Lakini ukianza kukohoa au kupumua kwa shida, huenda kimeingia njia ya hewa. Nenda hospitali mara moja.

3. Sukutua na maji ya uvuguvugu yenye chumvi kidogo. Kama kuna ncha inayokata ulimi, ifunike kwa nta safi ya mshumaa mpaka ufike kwa daktari.

4. Usitumie gundi ya viatu wala ile gundi kali ya dukani. Inaunguza ufizi, inafungia uchafu ndani, na inaharibu kisiki ambacho daktari angekitumia.

5. Usiweke tembe ya aspirini kwenye ufizi. Inauchoma. Dawa ya maumivu humezwa.

6. Piga mswaki kama kawaida, hata hapo palipovunjika, ila taratibu. Tafuna upande mwingine.

Usingoje miezi. Kisiki kilicho wazi huendelea kuoza, na jino ambalo lingeokolewa mwezi huu huenda mwaka ujao likawa la kung'oa tu.

HATARI! Ukiona uvimbe unashuka chini ya taya au kupanda karibu na jicho, homa, mdomo kushindwa kufunguka, au shida ya kumeza au kupumua, usilale nyumbani. Ni hospitali siku hiyo hiyo. Usaha wa jino unaweza kuua. Na dawa za kumeza peke yake haziponyi jipu la jino. Huleta nafuu, kisha jipu hurudi, maana chanzo bado kimo.

DAKTARI ANATAFUTA NINI?

Atagonga jino, atalitikisa, kisha atapiga picha ya eksirei. Usikatae picha hiyo kwa kuona ni gharama ya bure. Bila picha, kuchagua matibabu ni kubahatisha. Anatafuta kujua uko katika hali gani kati ya hizi nne:

(a) Kofia imetoka nzima na kisiki ni kizima. Hii ndiyo nafuu zaidi. Inasafishwa na kubandikwa upya.

(b) Kauri imemeguka kidogo lakini kofia imeshika. Pengine inalainishwa tu au kuwekewa kiraka cha rangi ya jino.

(c) Jino limekatika ndani ya kofia, lakini mzizi ni imara. Hapa mzizi hutibiwa, hutiwa kijiti cha kushikilia, hujengwa kisiki kipya, ndipo kofia mpya ivikwe. Lakini sharti ibaki sehemu nzima ya jino juu ya ufizi, ikizunguka pande zote, yapata milimita 2, kama upana wa punje ya mchele. Ikikosekana, kofia mpya itang'oka tena na pesa zako zitapotea.

(d) Mzizi umepasuka kwa urefu, au umeoza chini kabisa ya ufizi. Huu mara nyingi hauokoleki. Ni kung'oa.

Muulize daktari bila aibu: "Mimi ni hali ipi? Kilichobaki kinatosha kubeba kofia?" Una haki ya kuambiwa, na kuonyeshwa ile picha.

LIKING'OLEWA, NJIA NI NNE

Ya kwanza: kuacha pengo. Wengi hawatuambii kwamba hili nalo ni chaguo. Kama ni gego la nyuma kabisa na mengine yako sawa, unaweza kuishi bila shida. Utafiti uliofanywa kwa jirani zetu Tanzania na kuchapishwa mwaka 2003 ulionyesha kwamba watu waliobaki na meno ya mbele na magego madogo, pamoja na walau jozi moja ya magego makubwa yanayokutana, walitafuna vya kutosha. Ubaya wake ni kwamba meno jirani yanaweza kuinama kuelekea pengo, na la upande wa pili kurefuka. Kwa jino la mbele kuna pia sura na matamshi.

Ya pili: jino la kuvaa na kuvua. Ni jino la bandia juu ya bamba la plastiki linaloitwa akriliki, au la chuma. La plastiki ndilo la bei ya chini. Meno jirani hayachongwi sana, na ukipata pesa baadaye unaweza kubadilisha. Lakini kwanza litakusumbua: mate mengi, ulimi kujikwaa, githeri kuingia chini yake. Ufizi pia husinyaa baada ya kung'oa, hasa miezi ya kwanza, kwa hivyo bamba hulegea na lazima lirekebishwe. Livue usiku, ulisugue kwa sabuni na maji baridi, ulilaze kwenye maji. Usilitie maji ya moto, litajipinda.

Ya tatu: daraja. Meno mawili ya jirani huchongwa na kuvikwa kofia, na jino la bandia likashikiliwa katikati yao. Halivuliwi, unakula vizuri. Lakini jino lililochongwa halirudi. Kama jirani ni mazima kabisa, fikiri mara mbili. Kama tayari yana kofia au viraka vikubwa, daraja linaweza kufaa sana. Ni lazima usafishe chini yake kila siku kwa uzi wa meno, la sivyo utapoteza matatu badala ya moja.

Ya nne: kupandikiza. Skrubu ya madini ya titani hutiwa kwenye mfupa wa taya, hungojwa miezi 3 hadi 6 mfupa uishike, kisha kofia hufungwa juu. Kazi hii ilianzishwa Sweden na Per-Ingvar Brånemark, aliyemtibu mgonjwa wa kwanza mwaka 1965. Haigusi meno jirani, na hudumu miaka mingi. Ndiyo ghali kuliko zote. Inahitaji mfupa wa kutosha, safari nyingi za kliniki na usafi wa kila siku. Mvutaji sigara, au mwenye kisukari kisichotulizwa, yuko katika hatari zaidi ya skrubu kukataa.

Kwa njia yoyote, mwambie daktari mapema kama una kisukari, presha, ugonjwa wa moyo, unatumia dawa za kufanya damu iwe nyepesi, au una mimba. Mama mjamzito asinyimwe matibabu ya meno, ila daktari ajue.

TUPIGE HESABU

Usiulize tu "ni pesa ngapi?" Uliza pia "zitanibeba miaka mingapi?" Tuchukue mfano wa kujifunzia tu, si bei ya hospitali. Kitu cha shilingi 6,000 kikidumu miaka 4, ni shilingi 1,500 kwa mwaka. Kitu cha shilingi 40,000 kikidumu miaka 10, ni shilingi 4,000 kwa mwaka. Ongeza nauli na siku za kazi utakazopoteza. Halafu jiulize: mkopo huu nitaulipa kwa mapato yapi? Kama ni kuuza mtaji, hilo jino litakula chakula cha watoto.

Waliojiandikisha SHA, iliyochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024, waulize hospitalini kabla ya kuanza ni matibabu yapi ya meno yanayolipiwa. Na mahali popote, omba bei iandikwe: kung'oa, picha, jino, na kurekebisha baadaye. Bei ya mdomo hukua njiani.

JIHADHARI NA FUNDI WA BARABARANI

Sokoni kuna watu wanaobandika jino la plastiki moja kwa moja juu ya ufizi na meno jirani, ati liko tayari kwa nusu saa. Halivuliki, halisafishiki. Tumeona mzee aliyeingia na pengo moja, na baada ya miaka michache meno matatu yakang'olewa kwa kuoza. Rahisi ikamgharimu. Daktari wa meno wa kweli ana leseni ya kila mwaka kutoka Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno, yaani KMPDC. Kuomba kuiona si ukosefu wa adabu.

NA YULE MAMA?

Picha ilionyesha mzizi umepasuka kwa urefu. Hali (d). Uling'olewa kwa ganzi, ufizi ukatibiwa. Meno yake ya jirani yalikuwa mazima, hakutaka yachongwe. Akachagua jino la kuvaa, na kikundi kikampa mkopo mdogo kuliko ule aliouomba. Aliumaliza kwa miezi minne. Wiki za kwanza alilalamika sana. "Nikisema shati linatoka kama filimbi," alituambia. Bamba lilirekebishwa mara moja. Sasa ukipita kibandani kwake utamsikia kabla hujamwona.

Anasema akiweka akiba ya kutosha, ataangalia tena ile ya skrubu. Huenda akaifanya, huenda asifanye. Lakini safari hii atachagua akijua.

MASWALI YA KUJADILIANA KIKUNDINI

1. Je, katika kikundi chetu kuna mtu anayefunika mdomo akicheka? Tumewahi kumuuliza kwa upole?

2. Mfuko wetu wa dharura unahesabu jino kuwa ugonjwa, au ni urembo?

3. Daktari wa meno aliye karibu nasi yuko hospitali gani, na huwa siku zipi? Nani ataenda kuuliza kabla ya mkutano ujao?

4. Ni nani kati yetu bado anafungua soda kwa meno?